Mtu wa Kujulishwa

Jumapili, 6 Aprili

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na ninaliandika hapa kwa sababu daftari haliwezi kunitazama usoni. Kaka hafanyi kazi kwenye ghala la nyama iliyogandishwa. Aliacha mwezi wa kwanza. Kaka ni askari.

Si askari wa nchi yetu. Ni wa nchi aliyokwenda kutafuta kazi miaka mitatu iliyopita. Kibali chake cha kuishi kilikwisha, mwenye ghala akamwambia kesho asije, na jeshi lao, ambalo liko vitani na jirani zao, likatangaza kwamba mgeni atakayelitumikia mwaka mmoja atapewa uraia. Akaniandikia mimi. Ndani ya bahasha kulikuwa na fomu ya mtu wa kujulishwa. Awe ndugu wa damu, awe ametimiza miaka ishirini na mmoja, awe anasoma lugha yao. Mama haijui lugha hiyo. Baba Mdogo anajua matusi yake tu. Darasani kwetu mimi ndiye ninayeongoza kwa somo hilo.

Nina miaka kumi na sita. Niliandika ishirini na mbili.

Penye anwani nikaweka sanduku la posta la shule, maana barua za nyumbani hupitia kwenye karakana ya Baba Mdogo, na yeye hufungua chochote chenye gundi. Kaka alisema Mama asijue. Lakini la kukiri hasa si hilo. Nilipotia sahihi, nilifurahi. Nilijiona mtu mzima.

Leo alipiga simu. Mama aliacha cherehani katikati ya mshono, kitu asichomfanyia hata mteja anayelipa taslimu.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Soksi unavaa mbili mbili? Humo kwenye barafu usinichezee."

"Navaa tatu."

"Muongo wewe. Na huo mshindo ni wa nini?"

"Wanashusha mzigo."

"Waambie washushe taratibu, mtu anaongea na mama yake."

Nilisikia Kaka akicheka. Kisha mshindo mwingine, na simu ikakatika.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Viatu havijakauka tangu juzi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwalimu wa maktaba ameniita wakati wa mapumziko. "Una mchumba ng'ambo?" Barua alikuwa ameishika kwa vidole viwili. Nilitikisa kichwa mpaka miwani ikateleza. Akacheka, akanipa, hakuuliza zaidi. Huyu mama ananipenda kwa sababu ninarudisha vitabu bila kukunja kurasa.

Kaka ameandika kwa penseli. Kofia ya chuma ni nzito kuliko alivyodhani. Kuna wageni wenzake kutoka kila pembe ya dunia, na hakuna anayeweza kutamka jina la mwenzake, kwa hiyo wanaitana kwa kazi walizoacha: Mwokaji, Dereva, Kinyozi. Yeye wanamwita Barafu. "Profesa," ameandika, "chakula ni kingi. Miezi tisa tu, kisha nakuja na pasipoti mpya nikupeleke chuo kikuu kwa teksi."

Nimeisoma mara nne.

Jumapili, 13 Aprili

Simu imekuja, dakika mbili. Baba Mdogo alikuwepo, akaikwapua. Yeye ndiye mdogo wake marehemu Baba, mchomelea vyuma, na sauti yake imezoea kushindana na mashine.

"Mpwa wangu! Aa, mwanangu! Umeshaoa mzungumza-puani mmoja huko au bado?"

"Bado, Baba Mdogo."

"Unangoja nini? Nyama unaiona kila siku, hata kuchagua huwezi?"

Mama akampiga kwa rula ya kupimia. Baba Mdogo ndiye aliyemshawishi Kaka aondoke, na hata leo hukaa karakanani akiwasimulia wateja habari za "kijana wetu wa ng'ambo" kana kwamba alimchomelea yeye mwenyewe. Wakati mwingine ninamwona mtu mjinga. Najua ni vibaya kuandika hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Kaka hakupiga leo asubuhi, amepiga jioni. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema ni mafua.

Mchana alikuja mama mmoja kuchukua sare za watoto wake. Redio ilikuwa inasema vijana kutoka nchi za mbali wanachukuliwa kwenda kupigana kule. Yule mama akasikitika. Mama hakuinua macho kwenye sindano.

"Mtoto wa mtu anakwendaje kufa kwenye ugomvi ambao hata hajui ulianzaje? Wangu angethubutu, angerudi akute mlango nimeufunga kwa kufuli."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema. Nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, halafu akampe mtu mwingine mwili huo atumie?"

Nilikuwa nakunja sare. Nilikunja moja mara tatu.

Ijumaa, 25 Aprili

Barua nyingine. Hii siwezi kuisoma mara nne. Ninanakili sehemu moja ili isinipotee.

"Jana tumezika watatu. Mmoja alikuwa Mwokaji. Mwingine alikuwa amefika juzi, hakuna aliyejua jina lake wala kazi aliyoacha, wakamwandika namba. Ardhi ya huku ni ngumu, wanaitoboa kwa mashine kama ile ya barabarani. Profesa, mimi ni mwoga. Nilidhani ndani yangu kuna mtu mwingine atatokea siku ya siku, hajatokea. Likinifika la kunifika, usikubali niachwe huku. Nirudishwe nyumbani nilazwe ubavuni kwa Baba. Hilo tu nakuomba. Fomu inakuruhusu, wewe ndiye utakayeulizwa."

Kaka ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunisukuma majini. Sikujua kwamba na yeye huogopa.

Nilimwandikia papo hapo, maktabani, nyuma ya rafu ya atlasi. Niliandika: nimekusikia, naahidi.

Jumapili, 27 Aprili

Hakupiga. Mama anasema ni mtandao.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua imeangusha ukuta wa vyoo vya shule. Wavulana wameshangilia kama wamefunga bao.

Jumapili, 4 Mei

Hakupiga. Mama aliweka simu dirishani, pale inaposhika vizuri, akashona huku ameielekea. Kila alipofika mwisho wa mshono aliinua kichwa. Baba Mdogo alikuja, akatania kidogo, akaondoka kabla ya chai. Si kawaida yake.

Jumapili, 11 Mei

Hakupiga.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu wa maktaba hakutania leo. Bahasha ilikuwa kubwa, yenye muhuri wa nembo, na mtu wa posta alitaka sahihi. "Ni ya heri?" akaniuliza. Nikasema ni fomu za masomo. Akanipongeza.

Niliifungulia nyuma ya atlasi.

Nililielewa kila neno. Nimejitahidi miaka mitatu kuijua lugha ile, na leo hapakuwa na neno moja la kunilazimisha kufungua kamusi. Kaka amefariki tarehe 28 Aprili, siku ya Jumatatu, pamoja na wengine sita, gari lao lilipopigwa. Wanasikitika. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kujulishwa, nina siku ishirini na moja tangu tarehe ya barua kuchagua: arudishwe kwa gharama za jeshi, au azikwe huko. Jibu lipelekwe kwa mkono kwenye ubalozi wao, pamoja na kitambulisho. Jibu lisipopokelewa, atazikwa huko kwa heshima zote. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kuna onyo kwamba aliyetoa taarifa za uongo anaweza kushtakiwa.

Barua ni ya tarehe 30 Aprili. Nimehesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho ni tarehe 21. Zimebaki siku tisa.

Kipindi cha mwisho kilikuwa hesabu. Niliingia, nikakaa, nikanakili kila kitu ubaoni. Mwandiko wangu wa leo ni mzuri kuliko wa jana. Sielewi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anaimba. Alikuwa amepata kazi ya sare za shule nzima. "Njoo unishikie kitambaa hapa," akasema. Nikashika. Nilikuwa nimejiambia nitamwambia nikimaliza kushika. Tulipomaliza akanishika shavu kwa mkono wenye chaki. "Umekonda. Mitihani hiyo itaniulia mtoto."

Sikusema.

Jumanne, 13 Mei

Nitasema kesho.

Jumatano, 14 Mei

Nimewaza: nikimwambia Baba Mdogo kwanza, yeye atamwambia Mama. Baada ya mtihani wa asubuhi nikaenda karakanani. Alikuwa na wateja wawili na geti lao limelazwa chini.

"Kamusi!" Ndivyo anavyoniita. "Leo umekuja na neno gani? Waambie hawa, huyu mtoto anakula vitabu kama panya."

Wateja wakacheka. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, ilikuwa ya moto kwa jua, sikuiachia.

"Baba Mdogo, nina..."

"Una njaa? Una mchumba? Sema moja, si yote mawili."

Nikasema nilikuwa napita tu. Akanipa mkate uliobaki. Nimeula wote njiani, huku ninalia.

Alhamisi, 15 Mei

Mtihani wa lugha yao. Kulikuwa na swali la kuandika barua rasmi. Nimeandika vizuri sana.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua kubwa. Siku tano.

Jumapili, 18 Mei

Mama amepiga yeye namba ya Kaka, mara kumi na moja. Kisha amempigia mtu aliyewahi kufanya kazi naye ghalani. Yule mtu alisita, akasema hajamwona siku nyingi, ghala ni kubwa. Mama alimshukuru, akakaa akiitazama simu.

"Mnaandikiana, wewe na kaka yako?"

"Zamani."

"Hajakwambia kitu?"

"Hapana, Mama."

Siku zote nimemwona Mama kama mtu wa kufichwa mambo mazito, kwa sababu anasoma kwa kufuatisha kidole. Leo nimemwogopa. Aliniuliza taratibu mno, kama mtu anayenifungulia mlango na kusogea pembeni nipite. Sikupita.

Jumatatu, 19 Mei

Leo nimefanya jambo, ninaliandika lote.

Nilivaa gauni la kanisani la Mama, nikapaka wanja, nikafunga vitabu kwenye mfuko ili ionekane naenda shule. Nikapanda basi hadi mji mkuu, mwendo wa saa tatu nzima. Ubalozi uko kwenye mtaa wa miti mirefu, ndani kuna viti vya plastiki na dirisha lenye kioo. Nyuma ya kioo alikuwepo mzee mwenye sweta. Alizungumza lugha yetu polepole, kwa makosa, lakini kwa adabu.

Nikampa barua. Aliisoma, akavua miwani.

"Pole sana. Wewe ni dada?"

"Ndiyo."

"Miaka?"

"Ishirini na mbili."

"Kitambulisho?"

"Nimesahau nyumbani."

Alinitazama wanja, akatazama mfuko, kona ya daftari la shule ilikuwa imetokeza. Hakucheka. Akasogeza mdomo karibu na matundu ya kioo.

"Binti, mimi siandiki chochote leo. Sikukuona. Kalete mama, baba, mjomba, mtu mzima yeyote wa damu. Kesho nipo. Keshokutwa nipo mpaka saa tisa. Atie sahihi hapa, dakika mbili, basi. Atarudi nyumbani."

Dakika mbili. Nilirudi kwenye basi nikiyarudia maneno yale, nimeshaamua. Nilifika Mama yuko kwenye cherehani, ameweka pembeni kitambaa cha bluu. Akasema ni shati la Kaka, ameota amerudi. "Mabega yake yatakuwa yamepanuka kwa kubeba mizigo. Nimeongeza vidole viwili."

Nikaingia ndani kubadilisha gauni. Nikapaka sabuni usoni mpaka ikaniingia machoni.

Jumanne, 20 Mei

Nilikuwa na mtihani wa historia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojiambia, kwamba nina mtihani.

Jumatano, 21 Mei

Nimesema.

Nilitoka shule saa tano. Badala ya kwenda nyumbani nilikaa maktabani. Nilitazama saa ya ukutani ikifika saa nane, saa tisa. Ilipopita saa tisa nilihisi kitu kimelegea kifuani, kama mtu aliyeachiwa. Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Sikuogopa kumwambia Mama kwamba Kaka amekufa. Niliogopa kumwambia wakati bado kuna la kufanya, aone nilichokuwa nimekalia.

Saa kumi na nusu nilisimama mbele ya cherehani.

"Mama, Kaka amekufa. Alikuwa askari."

Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali, sindano ikapita mahali pasipo na kitambaa. Kisha ukasimama.

"Lini?"

"Tarehe ishirini na nane mwezi uliopita."

Akahesabu kimya. "Jumapili ile ya kwanza alikuwa hai, basi."

"Ndiyo."

"Wewe umejua lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa unakula sahani moja na mimi."

Akaniambia nisome barua. Nikamtafsiria. Nilipofika kwenye kuchagua, alinizuia kwa kiganja, akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza leo ni tarehe ngapi, ingawa kalenda ilikuwa nyuma yangu na alikuwa anaiona. Kisha akasimama, akatoka hivyo hivyo, sindano zikiwa zimechomekwa kifuani kwenye nguo, akaelekea kituo cha mabasi chini ya mvua. Baba Mdogo ndiye aliyemshika, mbele ya karakana yake. Nilimsikia akilia kabla sijamfikia, sauti ile ile ya kushindana na mashine.

Alhamisi, 22 Mei

Tumeondoka na basi la kwanza, sisi watatu. Baba Mdogo aliniambia jambo moja tu, bila kunitazama: "Siku ile ulishika fremu ya mlango. Nilikuona. Mtu hashiki chuma cha moto bure. Nikakutania."

Mzee wa sweta alikuwepo. Aliponiona alifumba macho kidogo. Akaingia ndani kupiga simu, akarudi. Amri ilishatoka jana jioni, wamezikwa leo alfajiri, wote saba, kwenye makaburi ya jeshi. Ametuandikia safu na namba kwenye kikaratasi. Kuhamishwa kunaweza kuombwa vita vikiisha.

"Vinaisha lini?" Mama akauliza.

Mzee alikuwa ananitazama mimi, na Mama akaona.

"Unamjua binti yangu?"

"Alikuja Jumatatu," mzee akasema. "Alijaribu."

Mama aligeuka akanitazama vazi, viatu, uso, kama anayenipimia sare. Nilitamani anipige. Alichukua kikaratasi, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye pochi.

Jumamosi, 24 Mei

Watu wamejaa nyumbani tangu jana. Cherehani imesogezwa ukutani na kufunikwa shuka. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, amefika leo mchana. Huyu hana maneno ya kuzunguka. Alilia, akajifuta, akauliza mbele ya wote:

"Na maiti?"

Mama akasema, "Haletwi."

"Kwa nini? Wenzetu wa mtaa ule wa juu walimleta wa kwao. Walisema serikali ile inalipa. Mtoto wa mdogo wangu kaachwa kama mzigo uliokosa mwenyewe?"

"Niliulizwa nichague," Mama akasema. "Nikachagua alale huko."

Baba Mdogo akainamisha kichwa. Shangazi akamtazama Mama kwa namna ambayo sitaki kuiandika.

"Wewe? Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Una moyo wa jiwe, wifi."

Mama alikuwa ananyoosha pindo la nguo yake kwa kidole. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa ameshaamua kuubeba mzigo huo mwenyewe, kwa miaka yote atakayoishi na watu hawa, ili mimi nisiulizwe. Wala hakuwa amenisamehe. Tangu Jumatano hajaniita mwanangu.

Mimi sijawahi kusema mbele ya watu. Hata darasani mwalimu husema jibu langu kwa niaba yangu. Nilisimama na sinia la vikombe mkononi, nikaliweka chini.

Nikasema: "Si kweli. Barua ilikuja kwangu. Nilidanganya umri kwenye fomu ili nipewe mimi. Nilikaa nayo siku tisa. Mama hakujua kitu. Kaka aliomba arudishwe, aliniandikia, nikaahidi."

"Kaa chini," Mama akasema.

Sikukaa. Nikaenda kuchukua barua ya Kaka chini ya godoro, nikaisoma yote mbele yao, pamoja na pale anaposema yeye ni mwoga. Sauti yangu ilikatika mara mbili, nikaanza sentensi upya. Nilipomaliza, Shangazi alijifunika uso kwa mtandio wake. Kuna mwanamke alisema "mtoto huyu" kisha hakumalizia. Wanaume wawili walitoka nje.

Niliokota sinia. Nikapita kukusanya vikombe, mmoja baada ya mwingine, kutoka mikononi mwa watu. Wengine walinipa, wengine waliviweka chini nivichukue sakafuni. Kisha nikaingia jikoni, nikachota maji, nikaviosha.